Sura ya Saba: Kukodi Giza

Luberizi haina ziwa. Ina mpunga, mihogo, vumbi, joto la bonde la Ruzizi na barabara ya taifa namba 5 inayoipitia ikitoka Bukavu kwenda Uvira. Lakini chakula chake ni cha watu wa Ziwa Tanganyika. Bugali ikishasongwa jioni, mara nyingi kitoweo ni ndagala waliovuliwa usiku karibu kilomita 40 kusini mwa hapa, wakaanikwa mchangani, wakapanda bondeni kwa pikipiki au juu ya mizigo ya lori. Mtoto wa Luberizi huwajua samaki hao kwa ladha miaka mingi kabla ya kuona maji wanamoishi. Akikua na kupata nauli, hutaka kwenda kujionea.

Kuna njia mbili za kwenda kuona. Ya kwanza ni kusimama ufukweni Uvira asubuhi, Mulongwe au Kalundu, ukatazama mitumbwi ikirudi. Wengi huishia hapo, na hawakosei, maana ni salama na ni bure. Ya pili ni kumlipa mwenye chombo akupakie ukalale nao majini. Sura hii ni ya njia ya pili.

Msomaji wa Mombasa au Tanga akisikia habari ya kukodi chombo kwenda kuvua kwenye maji marefu, huenda akaona picha nyingine kabisa. Kule pwani hiyo ni biashara yenye sura yake. Boti ya injini mbili hutoka Shimoni au Watamu kabla ya mapambazuko, ikiwa na fito ndefu pembeni za kutanua mishipi isipigane, kiti kilichokazwa sitahani cha mtu kukaa akivutana na samaki, na chambo za plastiki za rangi kali zinazokokotwa nyuma ya mapovu. Katika mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, sakafu huporomoka hadi mamia ya meta, na kwenye mteremko ule ndipo hupita jodari, faulusi, nduwaro na sulisuli. Msimu mzuri ni wa kaskazi. Ernest Hemingway, akitoka kuwinda bara mapema mwaka 1934, alikwenda kuvua Malindi, na tangu hapo jina lake limewauzia wageni safari nyingi kuliko samaki aliowavua. Siku hizi mteja analipa mamia ya dola kwa siku, anapigana na nduwaro mmoja kwa saa nzima, anampiga picha, mabaharia wanamchoma kitambulisho mgongoni, kisha wanamwachia aende zake. Taasisi ya African Billfish Foundation iliyoko Watamu hukusanya habari za samaki hao wanaponaswa tena kwingine.

Siibezi biashara hiyo. Nimeileta hapa kwa sababu inauza kitu kimoja waziwazi, nacho ni kina. Mteja wa Shimoni hupelekwa mahali ambapo sakafu imezama, na samaki wakubwa wako hapo kwa sababu sakafu imezama.

Sasa rudi Uvira. Kina kipo, tena cha kutisha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Hata bonde lake la kaskazini, lile linaloanzia mbele ya Uvira na Bujumbura, linashuka kupita meta 1,300. Karibu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi bila kuganda imo humu. Mtu akiambiwa hayo hudhani kwamba mvuvi wa Kalundu anashusha nyavu kwenye shimo hilo. Hashushi. Chini ya meta 100 hivi, upande huu wa kaskazini, maji hayana hewa. Hakuna samaki, hakuna kamba, hakuna konokono. Kuna bakteria tu, giza na gesi inayonuka kama yai viza. Upande wa kusini, Zambia, hewa hufika mbali zaidi, pengine meta 200. Lakini popote ulipo, samaki wote wa Tanganyika, pamoja na watu wote wanaowala katika nchi nne, wanategemea tabaka la juu lililo jembamba kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa.

Kwa hiyo anayekodi chombo Uvira halipii kina. Analipia giza. Hili utalijua siku ya kwanza ya kuulizia safari, ukienda na fedha zako na hamu yako, mwezi ukiwa mpevu. Mwenye chombo hatakuuliza una kiasi gani. Atatazama juu.

"Papa, mwezi ingali mukubwa. Murudie juma yenye kuya."

Na hakuna kubembeleza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa sababu ziwa lote limekuwa taa. Samaki hutawanyika wapendavyo, na mafuta yaliyochomwa hayarudi. Siku za mbalamwezi ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kulipa madeni. Kalenda ya ufukwe haifuati Jumatatu wala Jumapili.

Wavuvi wa leo si watu wa kwanza kumkodisha mgeni chombo kwenye maji haya. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Walihitaji kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Ukitoka, wamepata walichokifuata. Ukiingia, wamepoteza safari. Speke alitangulia peke yake kuvuka hadi ng'ambo kutafuta jahazi la kukodi kwa mfanyabiashara Mwarabu, akarudi mikono mitupu na sikio limeharibika, maana njiani mdudu alimwingia usiku naye akajaribu kumtoa kwa ncha ya kisu. Ikabidi wakodi mitumbwi miwili ya Kannena, mkuu wa Ujiji, kwa bei iliyomfanya Burton anung'unike kurasa nyingi. Walipiga makasia hadi Uvira, wakafika mwisho wa Aprili. Hapo wana wa mtawala wa mahali, Maruta, wakawaambia bila kusita kwamba Ruzizi unaingia. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele zaidi. Safari ikaishia palepale, kilomita chache tu kabla ya mlango wa mto. Ilibidi Livingstone na Stanley waje kwa mtumbwi mwezi Novemba 1871, waingie wenyewe kwenye mlango ule, ndipo Ulaya ikakubali jambo ambalo kila mtoto wa Uvira alilijua.

Napenda kisa hiki kwa sababu ya wapiga makasia. Burton aliwaandika kama watu waoga na wakaidi. Mimi nawaona wafanyakazi walioajiriwa kwa safari fulani, wakajua mpaka wao, wakausimamia. Mvuvi wa leo yuko vilevile. Unaweza kumlipa akupakie. Huwezi kumlipa akupeleke mahali asipotaka kwenda usiku huo, na akikwambia tunarudi, mnarudi.

Chombo chenyewe hakina kiti cha mteja. Mara nyingi ni mitumbwi miwili ya mbao iliyofungwa sambamba kwa miti mirefu, na wavu mkubwa wa mraba ukining'inia katikati. Taa zimefungwa kwenye miti kuelekea majini. Zamani zilikuwa za mafuta na pampu, zile ambazo watu walizoea kuziita Coleman. Sasa nyingi ni za betri, na zinazochajiwa kwa jua zimeingia kwa kasi kwa sababu hazinywi petroli. Mgeni hukaa nyuma karibu na injini, au juu ya rundo la kamba, na kazi yake ya kwanza ni kutokanyaga wavu. Vaa nguo nzito. Watu wa bondeni hudhani joto la Luberizi litawafuata majini, kumbe usiku upepo huteremka kutoka milima ya Mitumba iliyosimama nyuma ya Uvira, unapita juu ya ziwa, na saa nane za usiku meno yanagongana. Jile ya kuelea uje nayo mwenyewe, usitegemee kuikuta.

Mnatoka jua likizama. Chombo huenda polepole kuelekea katikati, taa za Uvira zikibaki nyuma na za Bujumbura zikitokea ng'ambo, karibu zaidi usiku kuliko mchana. Kisha injini inazimwa. Wavu unashushwa, taa zinawashwa, na kazi inakuwa kungoja. Hapa mteja wa Shimoni angekasirika, maana kwa saa nyingi hakuna kitu cha kufanya. Wavuvi wanapiga soga, wanalala kwa zamu, wanakula bugali baridi.

Ila chini yenu kuna safari kubwa inayoendelea. Mchana ndagala hujificha chini, kwenye mwanga hafifu, wasionekane na wanaowala. Usiku hupanda kufuata vijidudu vidogo vya majini, ambavyo navyo hupanda kula mimea midogo ya juu. Taa huvivuta vijidudu, vijidudu huwavuta ndagala, na ndagala huwavuta mikebuka, samaki mrefu wa fedha, jamaa wa sangala, ambaye Bujumbura humwita mukeke na kumchoma vizuri sana. Ukitazama chini utaona kwanza ukungu wa nukta. Baada ya muda ukungu unang'aa. Ndipo mwanga wote unaanza kuzunguka, maelfu kwa maelfu ya migongo inayogeuka pamoja upande mmoja. Anayeongoza anazima taa za pembeni moja baada ya nyingine ili kundi lisogee katikati, juu ya wavu. Kisha kila mtu anasimama na kuvuta.

Ndagala mkubwa hazidi sana kidole cha mkono, na maisha yake ni ya mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Huyo hatakupa picha ya kujivunia. Lakini kwa miaka mingi yeye na mikebuka ndio waliokuwa sehemu kubwa ya samaki wa ziwa hili, ambalo katika miaka ya 1990 lilikadiriwa kutoa tani 165,000 hadi 200,000 kwa mwaka. Kongo ndiyo yenye eneo kubwa zaidi la maji, asilimia 45, ikifuatiwa na Tanzania yenye 41. Burundi na Zambia hugawana kinachobaki. Na samaki wakubwa? Walikuwepo wengi. Sangala wenye uzito wa mtoto wa shule walikuwa sehemu ya kawaida ya uvuvi hadi Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, walipoleta meli zenye nyavu za kuzungusha katika miaka ya 1950. Meli hizo zilichota kila kitu kilichokuja kwenye taa. Sangala wakapungua kwanza, kisha meli zenyewe zikakosa faida, na kufikia mwisho wa karne upande wa kaskazini zilikuwa zimekwisha. Waliobaki ni watu wa mitumbwi.

Katika kipindi kilekile, cha utawala wa Wabelgiji, ndagala walisafirishwa pia kwenda juu. Mwaka 1959 makumi ya maelfu ya vifaranga wa aina mbili walichukuliwa kutoka Tanganyika, wakapandishwa na kumwagwa Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kuishi kwenye maji ya katikati. Kivu iko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika meta 770 hivi, na kati yake Ruzizi hupita kwenye mabonge ya mawe ambayo samaki mdogo hawezi kuyapanda kwa nguvu zake. Aina moja ilikufa. Nyingine, Limnothrissa miodon, ilishika, nao ndio sambaza wanaokaangwa Bukavu kila jioni. Mtu wa Bukavu anayebishana na mtu wa Uvira kuhusu samaki bora anabishana na babu wa samaki wake. Luberizi iko njiani kati ya maziwa haya mawili, na wauzaji wake huwajua wote wawili kwa macho, ingawa ndugu hawa wakikauka ni vigumu kuwatenganisha.

Nimesema tabaka la hewa ni jembamba. Jambo linalowatia watu wasiwasi ni kwamba huenda linazidi kuwa jembamba. Maji ya chini ya Tanganyika yana utajiri wote uliozama kwa maelfu ya miaka: mabaki ya mimea, mizoga, chumvi za mito. Yakikaa chini, ni hazina isiyo na ufunguo. Ufunguo ni upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, maji baridi yakapanda kushika nafasi yao, na mbolea ikafika kwenye mwanga. Lakini maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na upepo uleule haufui dafu kuyachanganya. Tofauti ya joto kati ya juu na chini si kubwa. Juu ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, chini ni kama 23. Nyuzi chache tu zinatosha kufunga mlango.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wangeweza kuwa wamepungua kwa karibu asilimia 30 kwa sababu hiyo. Wengine walibisha. Walisema takwimu za samaki zinaonyesha zaidi jinsi watu walivyobadilisha nyavu na vyombo kuliko jinsi hali ya hewa ilivyobadilika. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi na tope la chini ya ziwa, wakahesabu mifupa na magamba ya samaki yaliyozama karne baada ya karne, wakakuta upungufu ulianza katika karne ya 19, kabla Mgiriki yeyote hajaleta meli. Mimi naona pande zote mbili zina haki yake. Joto linapunguza kinachozaliwa, na sisi tunazidi kuwa wengi kwenye kilichobaki. Muulize mzee yeyote wa Kalundu, na hatakutajia jarida. Atakwambia zamani taa moja ilitosha.

Nchi nne, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, zilikubaliana uvuvi usimame miezi 3 kila mwaka ili samaki wazaliane. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wanasayansi wanaona hoja yake. Mwanamke wa Uvira anayeanika ndagala kwa kopo, na kulipa ada ya shule kwa kopo, anaona miezi 3 isiyo na kopo. Sheria kama hiyo haitasimama kwa boti ya doria pekee. Inahitaji mtu wa kumwambia mama huyo ale nini mwezi wa Juni.

Na kuna kitu kingine kinachofunga ziwa, hakihitaji mkutano wa mawaziri. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, mapigano yakaelekea Kamanyola, na barabara ya bondeni ikawa ya kupita kwa bahati. Samaki hana chama, lakini anaoza. Ndagala mbichi asiyepata gari siku hiyo ni wa kukaushwa. Aliyekaushwa asiyepata gari kwa wiki anauzwa kwa hasara au analiwa na panya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari ya mwezi, siku hizi muulize kwanza dereva.

Ukiwa majini, jihadhari na mlango wa Ruzizi. Wavuvi wenye busara huuzunguka kwa mbali. Maji yake ni ya tope, viboko hujilisha huko usiku, na mamba wapo. Upande wa Burundi aliishi Gustave, mamba aliyepata umaarufu wa dunia kwa watu waliosemekana kuliwa naye, wazungu wakaja na mtego wa chuma kumnasa, wasimpate. Kila mvuvi ana hadithi yake ya Gustave. Zisikilize, usizinunue zote.

Kuhusu malipo, patana kabla ya kupanda, na patana na mwenye chombo, siyo na kijana aliyekuita ufukweni. Dola au faranga za Kongo, yote mawili yanapokelewa, mradi noti ya dola isiwe imechanika. Uliza mambo mawili: nani analipa mafuta, na samaki ni wa nani. Asubuhi wakishauza, mafuta hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wafanyakazi wake, na hakuna anayekumbuka kwamba nyuma ya injini kulikuwa na mtu amekaa usiku kucha akitetemeka. Mgeni hana fungu. Akisaidia kuvuta wavu atapewa sahani moja ya ndagala na mikebuka mmoja wa kuchoma, na akiuliza habari ya fungu lake wataangua kicheko, wamwambie alipe pia nusu ya mafuta, maana chombo kilikuwa kizito usiku ule.